Sahani ya Jimsher

Kwanza nyundo. Ni moja tu,
na mikono sita inaigombea.
Tsotne anapiga, jozi inarukia chini ya jiko,
Nutsa anaifuata kwa magoti, anarudi na majivu puani
na jozi nzima, haijapata hata ufa,
ameiinua juu kama mtu aliyeokota pete.

Ni tarehe thelathini Desemba. Theluji ya Kakheti
imepanda ngazi mbili, na bomba la nje limeganda.
Jozi hizi tuliziokota Septemba,
vidole vikashika weusi wa maganda,
weusi usiosikia sabuni wala ndimu.
Mwalimu alimwuliza Tsotne kama baba yake anauza makaa.
Baba yake anaendesha lori Polandi. Hauzi kitu.

Kila jozi ni jozi kweli:
nusu mbili zimelaliana, kati yao ukuta mwembamba
kama wa vyumba vya kupanga.
"Ni ubongo," asema Tsotne.
"Ni kipepeo," asema Nutsa,
na kipepeo analiwa papo hapo.
Kwa mwendo huu tutagawa asali tupu.

Mama yangu Pelagia hakuwa na mizani.
Asali aliipima kwa sikio:
ikichemka kwa sauti ya mvua juu ya bati, ngoja;
ikinyamaza, ikaanza kuguna, mwaga jozi.
Mwaka huu sikio ni langu, na halijazoea.
Nasikia mvua, nasikia mvua,
nasikia Nutsa akiuliza kama huko aliko bibi kuna majiko,
na nilipogeuka sufuria ilikwisha kuguna zamani.
Imeungua. Kidogo.
Rangi ya chai iliyosahauliwa.
Nayo ndiyo asali yote tuliyo nayo.

Tunaimwaga ubaoni, ubao umeloweshwa,
tunaitandaza kwa chupa ya divai, nayo imeloweshwa,
haraka, haraka, kabla haijawa jiwe.
Nawaachia wakate wenyewe.
Vipande vilitakiwa kuwa na pembe nne, kama kishada;
vya Nutsa vina pembe anazozijua mwenyewe.

Kisha karatasi, uzi mwekundu, na majina.
Eteri wa duka la dawa, aliyetukopesha hadi mwisho.
Dereva wa basi la shule, anayengoja
Tsotne akitafuta kiatu.
Mzee Babale asiye na meno: chake kitwangwe.
"Na Jimsher," asema Tsotne.

Jimsher wa ng'ambo ya uzio.
Jimsher aliyekata tawi la mjozi wetu mwezi Machi,
lilipovuka kwake kwa urefu wa mkono,
akaturushia vipande kimoja kimoja,
mama yangu yuko kitandani, anavihesabu vikianguka.

Nikasema: karatasi imekwisha.
Tsotne akachana ukurasa wa daftari la hesabu.
Nikasema: na uzi.
Akavua kamba ya kiatu.
"Jozi zinazoangukia kwake huzirudisha," akasema,
"kwa ndoo, usiku. Bibi alinikataza nisikwambie."

Sikujibu.
Nilitoa sahani ya bluu, ile yenye ufa.

Kwetu, anayetangulia kuvuka kizingiti mwaka mpya
ndiye mguu wa mwaka; atakavyoingia, ndivyo utakavyokwenda.
Nilikwisha kumwomba Eteri, mguu wake mwepesi,
afike saa tatu, asichelewe.
Saa moja na nusu, giza bado linasitasita,
mlango ukagongwa mara moja tu,
kama mtu anayetumaini hatasikiwa.

Kofia mkononi, theluji mabegani,
na sahani ya bluu, maana sahani hairudi tupu:
konzi ya zabibu kavu,
na juu yake kamba ya kiatu, imefuliwa.

"Asali iliungua," akasema Jimsher.
"Ndiyo."
"Pelagia naye aliiunguza. Mwaka wake wa kwanza hapa."

Nikatazama chini, nisijue la kusema.
Buti lake la kushoto
lilikuwa ndani tayari.